Mareshali Bila Nyundo

Nikikuambia kwamba upande wa Kasapa, pembeni mwa mji wetu, kuna mahali ambapo hadi leo watu wakiniona wanakakamaa na kunipigia saluti, usidhani najisifu. Wananicheka. Na wana haki, maana aibu niliyojitafutia pale, mbele ya watu, mbwa na farasi, mama yangu akija kunitembelea na kusimuliwa anaficha uso kwa kitenge, na ukiangalia vizuri mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Kwanza mjue jina. Tangu utoto naitwa Mareshali. Sijawahi kushika bunduki (hata panya namfungulia mlango atoke kwa heshima), ila shuleni, siku za gwaride, nilikuwa natembea mbele ya mstari bila kutumwa na mtu, mikono inaruka juu kama ya mkubwa wa jeshi. Shule niliiacha mapema, jina halikuniacha. Ruashi, mtaa wetu, wote unanijua hivyo, na ukimuuliza dada yangu jina nililobatizwa nalo, anafikiri kidogo kwanza.

Basi asubuhi moja niliamka kwa dada huyo, nyumba imejaa wageni wa mume wake, mmoja amelala hadi mlangoni, nikatia sufuria yangu, kijiko na shati ndani ya mfuko, nikawaruka na kutoka.

"Mareshali, unaenda wapi?" dada akauliza.

"Njia njo inayua," nikamjibu, yaani njia ndiyo inayojua, na kweli mimi sikujua. Nikavuka mto Naviundu, nikasimama kumtazama mtu akichomelea mlango wa chuma mpaka akaniuliza kama nataka kuununua, nikaendelea, nikapita chuo kikuu, na huko mbele, nyuma ya mikaratusi, nikasikia sauti niliyokuwa nimeisikia kwenye filamu tu: farasi akilia. Mimi nikisikia kitu nisichokijua, miguu haiombi ruhusa. Nikafika kwenye lango. Mlinzi, mzee wa koti refu ambaye baadaye nilijua anaitwa Papa Ilunga, akasikiliza mfuko wangu unavyogongana chuma kwa chuma, akasimama wima.

"Jambo, patron. Ni weye Mareshali?"

Hebu niambieni ukweli, ungekuwa wewe ungesema nini? Nimetoka Ruashi kwa mguu, sijulikani na mtu huku, na mzee ananiita kwa jina langu! Nikaona kumbe sifa zangu zimenitangulia.

"Njo miye!"

"Ingia mbio, bote banakungojea!"

Hapo ningeuliza swali moja tu, "Mareshali gani?", ningeokoka. Sikuuliza. Nilinyoosha shati, nikaingia.

Ilikuwa siku ya mkutano wa wenye farasi wa mji (mimi hata sikujua mji wetu una wenye farasi). Viti vimepangwa chini ya hema, chai ipo, maandazi yapo, farasi wamefungwa kwenye mstari wanasubiri sindano ya chanjo na dawa ya minyoo, na daktari wao, mama mmoja mrefu aitwaye Docteur Ngoie, ametia mkono mpaka kiwiko ndani ya mdomo wa farasi mweupe anapapasa meno. Mwingine anasoma habari kwa kipaza sauti: farasi wa fulani amezaa salama, nyasi kavu za mwezi huu zina ukungu, msiwape. Papa Ilunga akapiga kelele kutoka langoni:

"Docteur! Mareshali alisha kufika!"

Watu wakapiga makofi. Nikawapungia mkono. (Naam, niliwapungia. Kwa vidole vitatu.)

Baba mmoja mnene akanijia, akanishika mikono yote miwili. Huyo ni Papa Kambale, mtu wa Butembo, anauza unga kwa jumla, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye kilio. "Mungu amekuleta," akasema. "Tangu juzi silali." Nikamjibu kwamba sasa nipo, alale. Sikujua anazungumzia nini, lakini nilikuwa na andazi mdomoni na mtu mwenye andazi mdomoni haulizi sana.

"Mbele ya kazi," Docteur Ngoie akasema, "utuambie kaloko, kidogo tu, juu ya miguu."

Juu ya miguu! Nikafurahi, kwa sababu kama kuna somo moja ninalolijua duniani, ni hilo. Nikasimama, nikawaambia mguu ndio maisha, mguu ukiharibika kila kitu kimeharibika. Nikawaambia jioni uuoshe, uukaushe, utoe kila kijiwe. Kiatu kikubana usikilazimishe, na matope ya mvua usiyaache yalale nao. Wote wanatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akauliza, "Na misumari, Mareshali, unatiaka ngapi?" Nami nikatazama viatu vyangu, vilivyokuwa vimepigwa misumari na fundi wa Ruashi pale soli ilipofunua mdomo, nikasema, "Inategemea na vile kiatu inachekaka." Wakacheka sana. Docteur akasema, "Mutu wa bulongo huyu, mutu muzuri."

Ndipo wakamleta Neema.

Alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawa, mzuri, lakini anatembea kwa miguu mitatu. Wa nne, wa mbele, anaugusisha chini na kuurudisha kama aliyekanyaga makaa. Papa Kambale akamkumbatia shingo. "Pole, mama, pole, fundi amekuja." Docteur akauinua ule mguu, akagonga ukwato taratibu kwa kidole, Neema akatetemeka mwili mzima.

"Niko naona usaha iko ndani, chini ya kiatu," akaniambia. "Utoe kiatu, ukate pale, usaha itoke. Ikipanda juu kwa mufupa tutamupoteza. Fungula mukebe yako, Mareshali."

Nikafungua mfuko. Ikatoka sufuria.

Watu wakaitazama sufuria, sufuria ikawatazama. Mmoja akanong'ona labda ni ya kuchemshia vyombo. Na hapo, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo, nikaelewa: kumbe Kifaransa kina Mareshali wa jeshi, na kina Mareshali mwingine, fundi wa kuvalisha farasi viatu na kuchonga kwato zao. Huyo ndiye waliyekuwa wakimngoja. Nami nimehutubia.

Shetani akaniambia, shika tu mguu, kata kidogo, nani atajua? Lakini Neema akageuza kichwa, akanusa kofia yangu, akaegemeza shavu lake zito begani kwangu, akashusha pumzi, kama mgonjwa anayekuachia mwili wake. Jamani, sikuweza.

"Docteur," nikasema, na sauti ilikuwa ya kuku, "miye siko ule Mareshali. Miye ni Mareshali wa jina tu."

"Wa jina namna gani?"

"Kule Ruashi... banakuniitaka vile."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua juu ya mabati. "Mareshali bila jeshi!" "Bila nyundo!" "Yeye alitufundisha kunawa miguu!" Wote walicheka isipokuwa wawili, Papa Kambale na Docteur.

"Na wa kweli iko wapi?" Docteur akauliza.

Papa Ilunga akavua kofia yake langoni. "Docteur... kulikuya mwingine. Alisema ni yeye Mareshali. Nilimufukuza. Nilimwambia Mareshali alisha kuingia, weye ni mwizi. Akakasirika, akasema anarudia kwao Likasi."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kasapa ni ngumu. Papa Kambale alinishika mkono, akanitupa nyuma ya pick-up yake pamoja na Papa Ilunga, akaendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Unga uliobaki kwenye gari ukapanda, na tulipofika kwenye kituo cha magari ya Likasi tulikuwa weupe mimi na mzee, kama mizimu miwili. Nikasimama juu, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Mareshali! Mareshali!"

Wakageuka watatu: dereva wa pikipiki ya taksi-moto, muuza mikate na askari polisi. (Mji huu una mamareshali wengi kuliko jeshi lenyewe.) Aliyekuwa tayari ndani ya basi, amekaa juu ya sanduku la chuma na kutazama mbele, hakugeuka.

"Njo ule," Papa Ilunga akanong'ona. "Ananuna vile vile."

Nikaingia ndani ya basi, mweupe wa unga, nikapiga magoti kwenye ujia mbele ya abiria wote. Nikamweleza. Fundi akanisikiliza bila kunitazama.

"Balinifukuza sawa mwizi, mbele ya bantu."

"Ni kosa yangu, yaya, ndugu mukubwa. Lakini farasi hakukufukuza. Farasi anaumia."

Mama mmoja kwenye kiti cha nyuma akasema, "We baba, shuka basi, kazi inakungojea! Angalia huyu amepakwa unga sawa samaki ya kukaanga." Basi zima likacheka, na fundi, Mungu ambariki, mdomo ukamtoroka akacheka naye.

"Sasa weye unaitwa nani kabisa?"

"Mareshali."

"Basi, Mareshali mudogo, beba mukebe."

Nililibeba lile sanduku kichwani hadi kwenye gari, na sijui ndani mlikuwa na nini, labda reli.

Tuliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka. Fundi alikunja mguu wa Neema kati ya magoti yake, akang'oa kiatu, akachonga kwa kisu chenye ncha iliyopinda, kidogo, kidogo tena, na ghafla ukatoka usaha mweusi, una harufu ya kuangusha ndege, na watu wenye suti wakaupigia makofi kama goli. Neema alibaki ameinua mguu kitambo. Kisha akaushusha. Akausimamia. Papa Kambale akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya mkutano, akalia na kucheka pamoja.

Docteur akanawa mikono, akasema ule mguu unataka kulowekwa ndani ya maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni na kufungwa kitambaa kisafi mpaka tundu lizibe, na anataka mtu wa kulala hapa hapa. Kisha akanigeukia. Wote wakanitazama.

"Si ulisema mguu njo maisha?" akauliza.

Ndivyo nilivyopata makazi. Walinipa chumba kidogo kando ya ghala la pumba, godoro la magunia, ndoo na chumvi. Nimeapa tangu hapo: nikiulizwa swali kwenye lango lolote, kabla ya kujibu nitauliza mawili. Kiapo hicho kina wiki kadhaa sasa na bado sijakijaribu, kwa sababu sijatoka. Kuna farasi mwingine huku anakohoa, na Docteur amesema kesho nitamshikia kichwa wakati yeye anasikiliza mapafu, nami nataka kujua mapafu ya farasi yanasema nini.