Aliuza kitasa cha mama yake, leo anachonga funguo za mtaa mzima

Saa mbili asubuhi. "Mteja!" anaita fundi mkuu kutoka kwenye kiti chake, na binti aliyeinamia mashine anageuka haraka kama aliyeitwa yeye.

Hajaitwa yeye. Aliyekuja ni mwanamke mwenye kikapu na ufunguo uliopinda, na anachotaka fundi mkuu ni ahudumiwe. Lakini binti huyu aliitwa teja, mtumiaji wa dawa za kulevya, kwa miaka minne, na masikio hayasahau upesi.

"Hapo mwanzo nilikuwa naitika kabisa," anasema huku akicheka. "Mzee akiita 'mteja', mimi nasema 'abee'. Watu wananishangaa."

Anajulikana kwa jina la Kitasa. Ana miaka ishirini na minne, na huu ni mwezi wake wa sita katika kibanda hiki cha funguo, ambacho watu watatu wakiingia wa nne lazima asubiri nje. Kuna mashine moja, jiliwa moja la kubania chuma, na ukuta mzima wa misumari iliyotundikwa funguo tupu zisizo na meno.

Mwanamke wa kikapu anachungulia ndani. "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wewe?"

"Mimi na mikono yangu miwili."

Mwanamke anautoa ufunguo shingo upande. Kitasa hauweki kwenye mashine. Kwanza anauliza, kama anavyomuuliza kila mtu: "Ufunguo huu wa nani?"

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda. Imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha boksi: HATUCHONGI UFUNGUO USIO NA MWENYEWE. Jibu huandikwa kwenye daftari lenye safu tatu: ameuleta nani, ni wa mlango gani, na ni wa nani. Anayechonga bila kuuliza, anasema fundi mkuu, anamsaidia mwizi kuingia kwa adabu.

Ukurasa wa jana una mistari kumi na tisa. Kumi na minane imejaa. Mmoja una safu mbili tu, na ya tatu ni nyeupe. Ufunguo wenyewe unaning'inia kwenye msumari karibu na kichwa cha Kitasa, na tangu asubuhi ameshautazama mara nyingi kuliko anavyotazama saa.

"Huo ni wa mama yangu," anasema. Kisha anajirekebisha. "Yaani, mama ndiye aliyeuleta. Wa nani, sijui."

Ukimuuliza Kitasa alianzaje kutumia dawa za kulevya, atakuambia hakumbuki. Hafichi kitu. "Washauri wameniuliza, dada yangu ameniuliza. Nimeshasimulia visa vitatu tofauti, na kila kimoja nilikiamini nilipokuwa nakisimulia."

Anachokumbuka ni hiki. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akisuka nywele saluni, na palikuwa na mwenzake aliyemzidi umri ambaye hakuchoka kamwe. Siku moja akapewa siri ya kutochoka. "Mwanzoni ilikuwa kete moja ya unga, ya Jumamosi. Halafu Jumamosi zikawa nyingi ndani ya wiki moja."

Saluni ikamfukuza. Mama yake, mpishi wa shule, akaanza kuona nyumba inapungua. Ilianza pasi, ukafuata mtungi wa gesi, redio, viatu vya dada yake, mwisho hata balbu ya ukumbini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mama huyu alikuwa akikipikia uji kila asubuhi.

Mama akafunga kitasa kipya, kizito, cha chuma. Binti akakitazama kwa siku mbili. Siku ya tatu akaazima bisibisi, akakifungua, akaenda kukiuza.

"Si mlango. Kitasa," anasema, kama bado anajaribu kuelewa mwenyewe. "Nyumba haikuwa na kitu kingine cha thamani. Kilichokuwa kinalinda ndicho kilichobaki."

Mama alirudi kutoka kazini akakuta mlango una tundu. Alikaa siku tatu bila kwenda kazini, akilinda nyumba tupu. Hakupiga wala kutukana. Aliuliza tu, "Mwanangu, sasa nitafunga na nini?"

Aliyekinunua kitasa kile ni huyu huyu fundi mkuu. Anakiri mbele ya watu, huku akipangusa miwani kwa shati.

"Nilijua ni cha wizi, sikudanganyi. Lakini nilipokigeuza sikuona mkwaruzo hata mmoja. Skrubu zote nne zilikuwamo kwenye kifuko. Mwizi huvunja, bwana. Huyu alikuwa amefungua."

Kile kibao cha boksi chenye herufi nyekundu alikitundika wiki hiyo hiyo. Jina la Kitasa ni yeye aliyelitoa. Na habari zilipomfikia kwamba binti yuko katika kituo cha kuacha dawa za kulevya, akamtumia salamu: akitoka, aje nimwone. Je, ilikuwa ni majuto au jicho la fundi? "Chukua yote mawili," anajibu, "usiniulize kiasi."

Kituoni alipelekwa na dada yake mkubwa. Aliruka ukuta mara mbili, na mara zote mbili akarudi mwenyewe. Anasema hajui nini kilimrudisha, na kinachomtisha ndicho hicho: asichokijua kinaweza kuondoka bila kuaga.

Siku za mwanzo zilikuwa za arosto, maumivu ya mwili unaodai dozi yake. "Mifupa ilikuwa inawasha kwa ndani, mahali mkono haufiki. Nililia mpaka nikawa nalia kilio cha mtu mwingine."

Alikaa miezi minane. Mshauri wake, ambaye naye alipitia njia hiyo hiyo, alimfundisha neno moja ambalo limemtatiza kuliko arosto. Pale hakuna anayesema "nimepona". Wanasema "niko kwenye nafuu", leo, na kesho wanasema tena.

Neno hilo lilimfaa kituoni. Nje, lilikutana na mama.

Kitasa sasa anaishi kwa dada yake, mitaa mitatu kutoka nyumba aliyokulia. Kila Jumapili huenda kumwona mama. Hupiga hodi, husubiri. Mama huja polepole kwa sababu ya magoti, akafungua kwa ufunguo anaouvaa shingoni kwa kamba. Mgeni huyo akienda msalani, macho ya mama humsindikiza. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Kitasa anasema hamlaumu, ingawa humuuma.

Kisha huja swali, kabla hata chai haijamiminwa. "Umepona?"

"Nikisema ndiyo, nimemdanganya, na uongo wangu anaujua kwa harufu. Nikisema bado, analia. Nikisema niko kwenye nafuu, ananiuliza: nafuu ndiyo nini, ni kupona au siyo? Sasa mimi nitamjibu nini, na mimi mwenyewe hilo ndilo swali langu?"

Ana miezi kumi na minne bila kutumia. Siku nzuri huchonga funguo ishirini hadi thelathini, na theluthi ya malipo ya kila ufunguo ni yake. Watu wa mtaa mzima, wakiwamo waliokuwa wakianua nguo zao wakimwona anapita, sasa humkabidhi funguo za vyumba vyao vya kulala. Mtu mmoja tu hakuwa amemkabidhi.

Ndipo jana asubuhi fundi mkuu akaita, "Mteja!" Kitasa akageuka, na mteja alikuwa mama yake.

Alikuwa amesimama nje kama watu wengine, mkoba kwapani. Alivua kamba shingoni. "Nichongee mwingine kama huu," alisema. Aliuliza bei, akalipa yote. Fundi mkuu alipotaka kumpunguzia, alikataa.

Kitasa aliubana ufunguo kwenye mashine, akachonga, akapangusa chenga za shaba. Kwenye daftari akaandika jina la mama na mlango wa nyumba. Sheria ya boksi ilikuwa juu ya kichwa chake, kwa herufi nyekundu. Hakuuliza.

Jioni mama alirudi. "Haufungui," alisema, akauweka mezani. "Njoo kesho uujaribu mlangoni." Akaondoka.

Katika miezi sita, funguo zilizorudishwa kwa Kitasa zilikuwa tatu tu. Huu ni wa nne. Je, alikosea? Anaushusha kutoka msumarini, anauinua kwenye mwanga, anayatazama meno yake kwa muda mrefu.

"Hili jino la tatu limebaki juu. Kosa la mtoto wa siku ya kwanza." Anatikisa kichwa. "Sijui mkono ulikosea, au ulikataa tu."

Fundi mkuu hana simile. "Hukumuuliza wa nani?"

"Nilisahau, mzee."

"Hukusahau. Uliogopa."

Kitasa anautia ufunguo mfukoni. Baadaye, mzee akiwa ametoka kununua maji, anasema kwa sauti ya chini: "Dada ana watoto, labda ni wa dada. Akiniambia wa dada, nitafanyaje? Na akiniambia ni wangu, hapo ndipo sijui kabisa. Mtu akikupa ufunguo, siku ukianguka unaanguka ndani ya nyumba yake."

Saa kumi jioni anafunga mashine. Ndani ya mfuko anatia tupa ya kusugulia chuma, bisibisi na daftari. Halafu anaitoa bisibisi, anaitazama, anairudisha. Jirani wa mama anayeanua godoro anamfuata kwa macho kila hatua, na ni haki yake: mara ya mwisho Kitasa kuuendea mlango ule na bisibisi, historia inajulikana.

Mlango umefungwa. Anapiga hodi.

"Jaribu," inasema sauti ya mama kutoka ndani.

Anaingiza ufunguo. Unazunguka nusu, unagoma. Anachuchumaa, anapitisha tupa kwenye jino la tatu, mara mbili, tatu, anapuliza. Unagoma. Anapitisha tena. Jasho linamtoka puani, naye si mtu wa kutoka jasho akiwa kazini. Mara ya nne kitasa kinaitika kwa mlio mfupi, na mlango unafunguka wenyewe kidogo.

Mama amesimama katikati ya ukumbi, mwiko mkononi. Mezani kuna pasi mpya, haijafichwa.

Kitasa anafungua daftari palepale kizingitini, kama mtu anayejificha nyuma ya kazi yake. "Mama, kuna kitu sikuuliza jana. Ni sheria ya kibanda. Ufunguo huu wa nani?"

Mama anauliza lake, lile la kila Jumapili, na leo si Jumapili. "Umepona?"

Kitasa ana majibu matatu, na yote ameshayajaribu. Leo hayaji. "Sijui, mama," anasema. "Sijui kwa kweli."

Mwiko unashuka taratibu.

"Na mimi sijui," anasema mama. "Nimeuliza mpaka nimechoka. Na nimechoka kuinuka kukufungulia mlango. Magoti yananiuma."

Kisha anarudi jikoni, kwa sababu kuna kitu kinaungua.

Kitasa anabaki na kalamu hewani. Hajui kama amepewa imani au amepewa habari za magoti. Anaandika "wangu". Anakata. Anaandika "wa nyumbani". Analitazama neno hilo kama mtu aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza, halafu analiacha.

Mipango anayo. Fundi mkuu anataka kumfundisha vitasa vya magari mwakani, na mshauri amemwomba aende kituoni kila mwezi kuwafunza mabinti wenzake kushika tupa. Lakini ukimuuliza anachokitaka hasa, anajibu kidogo. "Nataka siku moja mama aniulize kitu kingine. Aniulize hata nimekula nini."

Ufunguo mpya hujaribiwa mara mbili, ndiyo kawaida ya fundi. Anatoka nje, anauvuta mlango, anaufunga. Anaingiza ufunguo. Unazunguka bila kugusa popote, mlango unafunguka, na Kitasa anabaki palepale kizingitini, mguu haujui uende au ubaki.

"Hodi," anasema.

"Kitasa nimekisikia," anajibu mama kutoka jikoni. "Sasa hodi ya nini?"