Panya wa Shamba Walipohamia Jikoni

Zamani panya wa shamba alikuwa wa shamba, na panya wa nyumba alikuwa wa nyumba. Hilo sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga mbuzi wa mjomba, na beberu wake ndiye aliyenivunja hili jino la mbele. Ila nimelala kwenye nyumba za miti na udongo maisha yangu yote huku Kwaluguru, na panya wa darini namjua: mweusimweusi, mkia mrefu kuliko mwili, anatembea juu ya boriti kama fundi. Wa shamba ni wa kijivu, manyoya laini, anakaa kwenye mashimo ya pembeni mwa shamba. Ukimkuta ndani ya nyumba ujue amepotea.

Siku hizi hapotei. Anakuja akijua anakokwenda, na anakokwenda ni kwenye mbegu za mke wangu.

Mbegu hizo ni mahindi meupe, punje fupi, alizopewa na mama yake siku ya kuolewa. Hayajazi gunia kama ya dukani, nasema ukweli. Lakini mvua ikikatika katikati, ya dukani yanakunja majani na kufa, na haya yanakaa yanasubiri. Zamani kila nyumba ilikuwa nayo. Watu wakaingia kwenye mbegu ya pakiti, wakayaacha, na mwaka wa ukame walipoyataka tena wakamkuta mke wangu peke yake anayo. Aliwagawia wengine, wakayala badala ya kuyapanda. Basi yakabaki kwetu tu, yananing'inia juu ya mafiga, mahindi mawilimawili yamefungwa kwa maganda yake yenyewe, meusi kwa masizi. Ndivyo mama yake alivyofanya. Moshi unafukuza fukusi, na panya hapendi kupita juu ya moto wenye watu wanaoongea. Mke wangu anaongea, hilo nalo niliseme.

Sasa mambo mawili yalikuja karibu pamoja, na mimi nilichelewa kuyaunganisha.

La kwanza ni mkaa. Upande wa juu wa shamba letu palikuwa na pori, si pori la kutisha, miti ya kawaida na vichaka. Humo alikuwamo panya buku, ambaye aliwahi kuniibia kijiko na kipande cha sabuni, sijui alitaka kuoga. Alikuwamo nguchiro, mwizi wa vifaranga, ila na panya anawala. Alikuwamo sange, yule mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Sange ana njia yake chini ya majani, na anaifagia. Ndiyo, anaifagia! Jani likianguka analisukuma kwa miguu, maana akifukuzwa hataki kujikwaa. Utotoni tulikuwa tunatega kwenye hiyo njia, na alikuwa ananaswa kirahisi kwa sababu ya usafi wake.

Wakaja vijana na misumeno, wakafuata wa pikipiki wakibeba magunia kupeleka Korogwe. Simlaumu mtu, hata mimi mkaa nimechoma. Pori lote likaisha, kikabaki kichaka kimoja kwenye mpaka wetu, si kikubwa kuliko uwanja wa msikiti. Nguchiro hatukumwona tena. Panya tuliwaona sana.

La pili ni jiko la gesi. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu miaka mingi, yanatoa machozi. Zahanati wakamwambia: mama, ni moshi huo, ukiendelea utapofuka. Mwanetu, fundi wa magari kule Korogwe, akaleta jiko la gesi na mtungi. Akaliweka kwenye nyumba tunayolala, ile yenye paa la bati, akamwambia, "Mama, jiko lile la udongo tulifunge sasa." Mke wangu alifurahi, alipika chai mara tatu kabla ya adhuhuri. Macho yakaanza kupoa.

Lakini mbegu aliziacha kwenye jiko la zamani. Nilimwambia tuziweke kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Akasema, "Mbegu ya mama yangu haifunikwi, inapumua. Na mahali pake ni pale." Kwao mbegu inakaa jikoni, basi. Hakufikiria, na mimi sikufikiria, kwamba jikoni bila moto si jikoni tena.

Mwezi ule alipita pale mara nyingi, anatazama juu, anaona mahindi yamening'inia vilevile, maganda yamefunga. Msimu wa kupanda mbegu ulipokaribia akasimama juu ya kinu, akashika moja. Nilikuwa nje nanoa jembe. Sikusikia kelele, nilisikia ananiita kwa sauti ndogo, na mke wangu sauti ndogo hana.

"Mzee wangu, njoo ushike."

Nikashika. Ganda lilibonyea lote mkononi. Ndani ni gunzi tupu. Panya walikuwa wametoboa ukuta wa udongo, wakapanda nguzo, wakaingia kwa juu karibu kwenye kila hindi, wakala, wakaacha ganda limekaa kama nguo imeanikwa. Mmoja alikuwamo bado. Mke wangu alimpiga na mwiko, akamgeuza.

"Yesalamu! Tazama chuchu za huyu. Mbwa hamfikii."

"Chuchu nyingi hivyo, huyo ni wa shamba."

"Wa shamba anafanya nini jikoni kwangu?"

"Shamba lake limekwenda mjini na pikipiki," nikasema. Hakucheka.

Mahindi ya katikati machache yalikuwa yamebaki, mengine yameguswa kidogo. Nikaenda dukani kununua sumu. Usiku wa kwanza wakafa wengi. Baada ya hapo hakuna aliyegusa. Nadhani wapumbavu ndio waliokula, wakabaki wale wenye shaka, na wenye shaka ndio wanaozaa sasa, na watoto wao wanazaliwa na shaka. Sijui kama mambo huenda hivyo. Ninachojua ni kwamba paka wetu alikula mmoja aliyekufa, naye akafa chini ya kitanda. Kwa hiyo tuliwapunguzia adui.

Mke wangu akaliwasha jiko la zamani. Mwanetu akapiga simu, sijui nani alimwambia.

"Mama, macho!"

"Macho ni yangu. Mbegu si yangu, ni ya mama yangu."

"Nitakununulia mbegu, mama, kilo yoyote unayotaka."

"Ninunulie hii."

Nilimhurumia kijana.

Moto wa mchana kutwa unakula kuni, na kuni zilikuwa kwenye kile kichaka tu. Nikachukua panga nikaenda. Nikaingia nimeinama, nikaiona njia ya sange, safi, jani hakuna. Ilikuwa imezunguka na kurudi palepale, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikasimama. Nikikata hapa, waliomo watahamia wapi? Kwangu. Nisipokata, mbegu hazina moshi. Nilikata mti mmoja mkavu nikarudi.

"Hii ni kuni ya chai," akasema mke wangu. "Kichaka kimekushinda?"

"Nikikimaliza, hao wa mle nao watakuja."

"Waje. Nitawakuta nimeamka."

Nikaenda kwa jirani yangu mfugaji, Mmasai, tumezeeka pamoja na utani wetu ni mkubwa. Yeye huchoma kinyesi kikavu cha ng'ombe, kinafuka polepole kutwa nzima, nzi hawagusi ndama wake. Nikamweleza.

Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Yaani Mzigua leo anakuja kuomba mavi!"

"Nimeomba kwa heshima, jirani."

"Chukua. Ng'ombe wangu wanatoa bure, tofauti na mahindi yenu." Kisha akaacha kucheka. "Hata kwangu wameingia. Wanatafuna ngozi tunayolalia."

Mke wangu alipoona gunia akasema, "Mbegu za mama yangu zinukie boma la ng'ombe?" Lakini kinyesi akakichoma. Moshi ule mzito ukakaa ndani, hautaki kutoka. Panya wakapungua kweli. Na macho yake yakavimba, asubuhi anayafungua kwa maji ya uvuguvugu. Nikamwambia nikae mimi jikoni badala yake. Akasema mimi nalala nikikaa. Ni kweli nalala.

Mvua ilipokaribia tukapukuchua yaliyobaki. Hapo ndipo nilipojua jambo lingine la panya: si kila punje anaimaliza. Nyingine anatafuna kiini tu, ile ncha laini inayoota, sehemu iliyobaki anaiacha. Ukiiangalia kwa mbali ni punje nzima. Mke wangu alikuwa haoni ncha vizuri. Akawa anapapasa kila punje kwa ukucha na kuniuliza, "Hii ina kiini?" Nikisema haina anaitupa kwenye ungo wa kuku. Kuku walipata sana siku ile.

Zenye kiini zilijaa kiganja kimoja. Hatukuzipeleka shambani, shambani mashimo yamekuwa mengi kuliko mashina. Tulizipanda mbele ya mlango, hatua moja moja, nikazungushia miiba.

Zimeota, si zote. Kila asubuhi anachuchumaa pale anazipapasa, maana kijani na udongo kwake sasa vinafanana. Mwanetu amekuja kumchukua aende hospitali ya mjini, gari lake liko nje tangu jana. Anasema anakwenda, lakini kwanza mimea ibebe mahindi.

Leo amepapasa akafika kwenye moja akasimamisha mkono. Imekatwa chini kabisa, imelala. Miiba iko mahali pake. Mwanetu akasema, "Mama, twende." Yeye akaanza upya kutoka shina la kwanza, akipapasa polepole. Nikaenda nikachuchumaa upande wa pili, nikaanza kutafuta shimo la panya.