Daraja la Dada la Kupandia Meli

Tulikuwa watano. Mimi; mume wangu, mfanyakazi wa reli; dada yangu mkubwa, ambaye polio ilimwachia kiti cha magurudumu; fundi wa mbao, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Buruburu, Nairobi; na shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, anayefanya kazi bandarini Mombasa. Majina yao yote ninayo kichwani, lakini siyaandiki.

Dada alitaka kupanda meli ya abiria, afike Unguja. Ila aliapa: "Kwenye treni nitavumilia kubebwa. Kwenye meli naingia kwa magurudumu yangu, ama nirudi nyumbani."

Shemeji akatutumia uzi kwa posta. Urefu wake ndio kimo cha deki, sakafu ya meli, juu ya gati. Fundi akaunda daraja la mbao lenye miguu, sawasawa na ule uzi. Tukalijaribu uani, dada akipanda na kushuka, majirani wakimpigia makofi. Tukasafiri nalo.

Kufika gatini, fundi akachungulia. "Woi! Meli imezama!" Deki ilikuwa chini kuliko gati tuliposimama.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Maji yamekupwa tu. Nilipima yakiwa yamejaa. Kwani nyinyi watu wa Nairobi mlidhani bahari ni tangi?"

"Na hukutuambia!" mume wangu akafoka.

"Nani asiyejua hiyo?"

Sisi.

Makuli wakaja wakikunja mikono ya shati. "Mama, njoo mgongoni, ni dakika moja."

"Mimi si gunia la sukari," dada akasema, akafunga breki za kiti. Na meli ilikuwa iondoke kabla maji hayajarudi.

Fundi akatoa msumeno, akakata miguu yote, kazi ya wiki mbili. Ncha moja akaifunga gatini kwa kamba. Ile ya kwenye deki akaipigilia magurudumu ya toroli mbovu iliyotupwa pale gatini, ili meli ikipanda au ikishuka, daraja litembee nayo.

Dada akateremka polepole, viganja vikibana magurudumu, fundi akirudi kinyumenyume mbele yake.

"Usinishike!"

"Sikushiki, mama. Nakuogopa."

Tuliporudi Mombasa kutoka Unguja, daraja likiwa nasi, maji yalikuwa yamejaa, meli iko juu. Daraja lile lile likainamia upande wa pili, kuelekea gatini, dada akashuka bila kumwomba mtu.

Nimesema kazi ya fundi ilikuwa ya wiki mbili. Huenda zilikuwa tatu. Uliyekuwa pale uani ukipiga makofi, njoo unisahihishe, chai iko.