Maji Meusi ya Makumbi

Mimi nimezaliwa na shaka. Maziwa siyanywi mpaka niyanuse, na mtu akinisalimia kwa furaha kupita kiasi hujiuliza anataka nini. Mke wangu husema siku nikifa nitauliza sanda imefuliwa na nani. Lakini shaka hiyo ilimponza mdogo wangu, miaka michache kabla ya Vita vya Pili, tulipokuwa tukikaa upande wa Gando, na hilo halinichekeshi hata leo.

Kila sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, siku ya pili yake, vijana wetu walishindana kuogelea na vijana wa ng'ambo ya mto. Walianzia kwenye mikoko, pale maji ya bahari yanapopanda mtoni, wakaishia bandarini. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa na mpinzani. Baba alikuwa keshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa baba yake, na kila kilichomgusa nilikishuku.

Maji yale yalistahili kushukiwa, au ndivyo nilivyoona. Wanawake wa kwetu hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayaacha miezi mpaka yaoze, kisha huyafukua na kuyapiga wapate usumba wa kusokotea kamba. Yakioza hunuka vibaya mno, na maji yanayotoka hapo huwa meusi. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa na mashimo mengi kuliko wote. Siku moja mdogo wangu alitoka majini na kidonda mguuni kilichochelewa kupona. Sikuuliza kama alijikata na chaza. Nilijua tu.

Nilimwendea shangazi nikamtaka ayafukue makumbi yake kabla ya sikukuu. Alinijibu kwa upole kuwa yamo humo tangu Rajabu, yakitolewa mapema hayapigiki, na kwamba yeye mwenyewe amesimama katika maji hayo hadi kiunoni tangu usichana wake. Badala ya kumsikiliza nikaanza kujiuliza anaficha nini. Jioni ile nikasema barazani, mbele ya watu, kwamba shangazi yangu anawaogesha watoto wa wenzake kwenye uozo ili mradi apate kamba. Maneno yale yalimfikia kabla sijafika nyumbani.

Wazee walichoka na kelele zangu, wakakubali mashindano yahamie juu, kwenye bwawa la maji baridi lililo chini ya mabonde ya mpunga. Maji yale niliyanusa, nikayaonja, nikatazama chini nikaona mchanga. Palikuwa na konokono tu kwenye majani, wadogo, hata ukucha hawafiki. Mmoja alinasa kwenye kikoi changu, nikamkung'uta. Vijana wengine waliogelea mle siku ya sikukuu tu, lakini mdogo wangu alifanya mazoezi mwezi mzima, kila siku, nami nimekaa ukingoni nimeridhika kama mtu aliyekamata mwizi. Alishinda, na nilijisifu kuliko yeye.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kukojoa damu. Aliniambia kwa aibu, nikawauliza watu wazima. Walicheka. Wakasema vijana wengi wa huku hupitia hayo, ndiko kubalehe kwenyewe. Mimi ninayeshuku hata maziwa, hilo nililimeza bila kulitafuna. Nilimwacha mpaka maumivu yakamkunja asiweze kusimama wima, ndipo nikampeleka hospitali.

Bwana dawa aliuliza huwa anaogelea wapi. Nikawahi kujibu mimi. Nikamweleza makumbi, harufu, maji meusi na ukaidi wa shangazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hakuna mahali pengine. Nikataja bwawa. Akauliza kama lina konokono.

"Hicho ni kichocho," akasema. "Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi. Kwenye chumvi hawaishi. Angebaki kwenye makumbi yenu asingekipata."

Alipigwa sindano wiki nyingi. Zilimtapisha na kumkausha, nami nilishinda kando ya kitanda chake nikijichukia. Aliporudi nyumbani alikuwa akipumzika mara mbili kabla ya kufika msikitini.

Mfunguo Tatu uliofuata mashindano yalirudi kwenye mikoko. Asubuhi ile nilimkuta shangazi uani akipiga makumbi. Nilimshika mkono nikamtaka radhi. Aliuacha mkono wangu kidogo juu ya wake, kisha akaushika tena mchi.

"Miye ulinitukana tu, mwanangu, na n'shakusamehe," alisema. "Radhi kamtake yule uliyemtoa huku ukamtia kule."

Mdogo wangu nilimkuta ukingoni, kikoi begani, akiwatazama wenzake wakijitosa kwenye maji meusi. Nilimtaka radhi. Akasema hana kinyongo, akanisogezea nafasi nikae. Aliyeshinda mwaka ule ni kijana wa ng'ambo ambaye yeye alikuwa akimwacha nyuma kila mara. Tulimpigia makofi sote wawili. Tangu siku ile sijamwona mdogo wangu akiingia mtoni, na sijathubutu kumuuliza kama ni mwili uliokataa au ni kwamba, baada ya yale niliyomchagulia mimi, haamini tena maji yoyote.