Firigisi Kwenye Kitambaa

Mwaka niliokatwa mfuko wa chakula, miaka ya sabini, sikuweza kukaa kitako. Vidonda vya tumbo vilinitesa mpaka madaktari wa Mwanza wakauondoa nusu. Waliniambia nile kidogo kidogo, mara sita kwa siku, nitafune mpaka chakula kiwe uji. Nikizidisha hata tonge mbili, moyo ulinienda mbio, jasho likanitoka, nikalazimika kulala. Mimi, mtu wa kumaliza ugali wa watu wawili! Ilinikera sana. Kutwa nzima nilizunguka Shinyanga mjini, kutoka ghala la pamba nilikokuwa karani mpaka stesheni na kurudi, kipande cha kiazi mfukoni, nikimchukia kila mkaanga maandazi.

Mke wangu sikumwambia. Alikuwa Tinde kwa wazazi wake, amekwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nami nilimwandikia kwamba nimesafiri kikazi. Niliona aibu. Ukweni wangesema binti yao ameolewa na mgonjwa, na pengine wangemzuia asirudi.

Siku niliyokwenda kumchukua yeye na mtoto, walichinja kuku. Mama mkwe kwa desturi hakai mbele ya mkwewe. Alibaki jikoni, chakula kikaletwa uani nilipokaa na baba mkwe na majirani wawili. Firigisi, kama kawaida, ikawekwa upande wangu. Nilikula tonge tatu. Firigisi niliitafuna, nikaizungusha mdomoni, ikakataa kulainika. Nilipodhani hawanitazami, niliitema kwenye kitambaa, nikakitia mfukoni.

Baba mkwe akaacha kula.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "chakula cha mama yako unampelekea nani?"

Ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kwetu, mtu anayefunga chakula cha mwenyeji kwenye kitambaa anakipeleka kwa mganga, kikaguliwe kama kimetiwa dawa. Na mama mkwe alikuwa mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni, macho ambayo watu huyaita ya mchawi. Vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo, na majirani wale walikuwa na midomo.

Badala ya kusema ukweli, mpumbavu mimi, niliitoa ile firigisi nikaimeza, nikaongeza tonge tano kubwa, haraka haraka. Maji ya kunawa hayajaletwa, jasho likanimwagika, nikaanguka mkekani.

Jirani mmoja akasimama. "Mmejionea wenyewe," akasema kwa sauti.

Hapo mama mkwe akatoka jikoni. Sikuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Akakaa chini mbele yetu wanaume, akavuta sahani yangu, akaanza kula makombo, macho yake kwangu. Nilipandisha shati bila kujali kwamba ni mkwe, nikawaonyesha kovu, nikaeleza kila kitu huku nikihema. Alipoelewa, sahani ilikuwa tupu.

Kesho yake niliondoka na mke wangu na mtoto. Hakuna aliyetuzuia, na jirani yule aliniomba radhi mimi, si mama mkwe.

Lakini tangu siku ile mpaka mama mkwe alipofariki, kila ugali niliopelekewa kutoka jikoni kwake ulifika umeshamegwa pembeni. Nilimtuma mke wangu mara nyingi amwombe aache. Hakuacha.