Mdundo Mmoja wa Dale Stuckey

Verna Stuckey hakuwa mtu wa kusahau. Wengine wakiudhiwa hununa wiki moja, wakakutana kanisani, wakapeana mikono, yakaisha. Yeye? Thubutu! Aliyemkosea alimhifadhi rohoni kama achari kwenye chupa, na kifuniko akakikaza. Kwa miaka kumi na mmoja, chupa iliyokaa mbele kabisa ilikuwa ya Royce Haldeman.

Verna alipika katika shule ya Marlow Fork, Ohio, miaka thelathini na miwili. Majitu mazima yenye ndevu yalijiweka sawa akipita, kwa sababu aliwahi kuyanyang'anya biskuti yalipokuwa watoto. Mumewe Dale alikuwa fundi bomba, mpole, mwenye mikono mikubwa, na kila Jumamosi ya kiangazi alicheza besiboli ya kizamani, kwa sheria za mwaka 1860. Glavu hakuna. Mpira ukidakwa baada ya mdundo mmoja, mpigaji ametoka. Ukidunda mara mbili, yumo. Mwamuzi huvaa kofia ndefu nyeusi, na asipoona jambo humwuliza aliyeona, awe mchezaji au mtazamaji, na neno la muungwana halipingwi. Mashati meupe ya timu nzima alishona Verna, na la Dale alilitia mshono mara mbili.

Basi, Agosti moja, miaka kumi na mmoja iliyopita, timu ya Marlow Fork iligombea birika la shaba na wenzao wa Pruett's Mill, kama kila mwaka. Mpigaji wa Pruett's Mill aliupeleka mpira wa mwisho pembeni, Dale akauinamia kwenye majani marefu, akaudaka kwa mdundo mmoja. Dale alisema mmoja, lakini mwamuzi hakuona. Akamwuliza Royce Haldeman wa Pruett's Mill, aliyekuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale. Wachezaji wote wana majina ya utani, na yeye walimwita Shemasi, eti kwa ukweli wake.

"Miwili," alisema Shemasi. "Nimeona kwa macho yangu."

Basi birika likaenda Pruett's Mill. Jumatatu yake Clete, kinyozi, akamkaribisha Dale dukani: "Karibu, Midundo Miwili! Leo unanyolewa mara ngapi?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jina likamganda. Dale akaacha kucheza, akalikunja shati lake akaliweka kabatini, na baada ya majira mawili ya baridi akafa. Hata msibani mtu alinong'ona, "Maskini Midundo Miwili," naye Verna akasikia.

Tangu hapo hakukosa mechi hata moja. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akakiweka pale pale pembeni, chini ya mti wa jozi, mahali Dale alipodaka. Watu walidhani ni mapenzi ya mchezo. Mapenzi gani! Alikuwa anangoja. Mwamuzi alipomwuliza alisema kweli tupu, hata mwaka juzi alipotoa ushahidi dhidi ya mji wake mwenyewe, wakashindwa. Walimnunia, lakini tangu siku ile neno lake lilikuwa mwisho wa ubishi. Hicho ndicho alichokitaka.

Agosti hii Royce alikuwa na miaka sitini na sita, akaja kucheza mechi yake ya kuaga. Wajukuu walikuja, pai za pichi zikaja, na hotuba ikaandaliwa. Walimweka pembeni kushoto, upande wenye mti wa jozi. Verna akakaa sawa kwenye kiti.

Ikafika zamu ya mwisho. Pruett's Mill walikuwa mbele kwa pointi moja, na Marlow Fork walikuwa na watu wawili vituoni. Akitoka mmoja tu, mchezo umekwisha. Mpigaji akaupiga mpira, ukaja moja kwa moja kwenye yale majani marefu, Royce akaukimbilia kwa magoti yake mabovu, akainama, akainuka nao mkononi. Wakimbiaji wote wawili walikuwa wameshafika kituo cha nyumbani; mpigaji akiwa yumo, hizo ni pointi mbili.

"Bwana Haldeman," aliita mwamuzi, "ni midundo mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja wapi!" walipiga kelele wa Marlow Fork. "Mzee, usituletee!"

Mwamuzi akavua kofia, akafuta jasho; neno la aliyedaka mwenyewe likibishiwa, huhitaji shahidi. "Yupo mtazamaji aliyeona?"

Verna akasimama.

"Mimi nimeona. Nitasema. Ila kwanza Shemasi aniambie, ule wa Dale ulikuwa midundo mingapi?"

"Bi Verna, jamani, hayo ya zamani—" alianza mwamuzi.

"Asiponiambia, sisemi kitu. Kaeni hapa mpaka theluji ianguke."

"Mjibu, Shemasi!" wenzake walimhimiza, wakiona birika limeshakuwa lao. "Mjibu mama wa watu tukale pai!"

Royce akamtazama Verna. Alijua kwamba mwanamke huyu anajua, na kwamba uongo leo hautamfikisha popote. Akainamisha kichwa.

"Mmoja."

"Paza sauti. Clete yuko nyuma kule, naye masikio mazito."

"Mmoja!" alisema Royce, uso umemwiva. "Ulidunda mara moja. Dale alisema kweli. Mimi nilitaka birika."

Hakuna aliyecheka. Clete kinyozi alivua kofia yake, akaishika kifuani, akatazama viatu vyake.

"Ahsante, Bi Verna," alisema mwamuzi taratibu. "Na huu wa leo?"

"Huu?" Verna alipangusa miwani kwa pindo la blauzi. "Huu jua liliniingia machoni."

Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yametanda, jua halijaonekana hata kidogo. Mwamuzi akaangalia juu, akamwangalia Verna, akamwangalia Royce. Lililobaki lilikuwa neno la Royce peke yake, na sasa watu mia mbili walijua neno hilo lina thamani gani. Akavaa kofia yake.

"Yumo! Pointi mbili. Marlow Fork wameshinda."

Loo, ilikuwa tamu! Verna hakujidanganya kwamba alihuzunika. Ilimtelemka kooni tamu vile vile alivyoiota, na hakuona haya.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Royce alimfuata chini ya mti wa jozi. Mpira bado alikuwa nao mkononi.

"Verna. Uliona au hukuona?"

"Niliona, Royce. Mdundo mmoja, safi kabisa." Akakikunja kiti chake. "Na Dale naye alijua wa kwake ulikuwa mmoja. Alilala na kuamka nao miaka miwili. Wewe je, umebakiwa na miaka mingapi?"

Hakungoja jibu. Alikitia kiti kwapani, akaenda kumwambia Clete kwamba kesho baada ya ibada watakwenda wote makaburini, akamwite Dale kwa jina lake.