Nani Aliyegusa Mlimau

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilijua kwa uhakika kwamba nimeua mti, na kwamba kwa sababu ya mti huo mtu mwingine amefukuzwa nyumbani kwetu. La kwanza halikuwa kweli. La pili ni kweli tupu, na mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto wangu, likinijia nikiwa nakata kitunguu huwa naweka kisu chini kwanza.

Tulikuwa tunakaa Ujiji kwa bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwajuma. Nyumba ya udongo na bati, uani kuna jiko, choo na mlimau. Mlimau ule uliheshimiwa kuliko baadhi ya watu. Bibi aliupanda mwaka alioolewa, na mtaa mzima ulikuwa unakuja kuomba: limau la kikohozi, limau la mwenye mimba anayetapika, limau la kuoshea samaki. Bibi alitoa bila kinyongo, ila kwa sharti moja. Mwanamke aliye katika siku zake asiusogelee mti. Asichume, asiokote hata lililoanguka. Akiugusa, utakauka. Ni mwiko uleule wa kutopita kwenye shamba la maboga, na sikuwahi kumsikia mtu akiuhoji. Bibi mwenyewe alikuwa ameshavuka umri huo na mimi nilikuwa bado mtoto, kwa hiyo kuchuma ilikuwa kazi yetu sisi wawili.

Riziki alikuja katika miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo kila siku, kwenye mitumbwi na boti za dagaa, na magodoro yao na sufuria zao. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake aliwahi kufanya biashara ya mawese kati ya Baraka, mji wa kwao ng'ambo ya ziwa, na Ujiji, na kila akivuka alikuwa analala kwetu. Siku ya kukimbia walifika ufukweni pamoja, boti ikawa imejaa, na mama akamsukuma binti ndani akabaki yeye. Alimwambia: nenda Ujiji kwa Mama Mwajuma, nisubiri hapo, usitoke hapo mpaka nije. Riziki alituambia maneno hayo siku ya kwanza, miguu yake ikiwa bado na matope, na aliyarudia mara nyingi hata mimi nikayashika. Bibi alimtandikia mkeka pembeni ya wangu, akamwambia hapa ni kwenu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha kutesa. Upepo wa ziwani ulikatika, bati likawa linalia mchana kutwa, na kila mtu alikuwa anataka kitu cha kunywa. Sisi juisi ya malimau tuliijua kwa njia moja: kamua kwenye maji, tia sukari, koroga, kunywa ukikunja uso. Riziki alionja yetu, akashukuru, halafu akaomba aruhusiwe kutengeneza ya kwao.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama. Malimau aliyabingirisha kwanza juu ya jiwe la kusagia, kwa kiganja, akiyakandamiza mpaka yakalainika yote. Kisha akamenya ganda la juu tu, jembamba, bila kugusa ule weupe wa ndani, akalisugua na sukari kwenye bakuli kwa mgongo wa mwiko mpaka sukari ikalowa na uani kote kukanukia. Maji aliyachemsha pamoja na tangawizi iliyopondwa, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kinatajwa kila kona, akayamimina ya moto juu ya ile sukari akafunika. Malimau yenyewe aliyakamua pembeni na kuyachuja kwa kipande cha kanga, akinionya kwamba mbegu ikipasuka inaleta uchungu. Alichanganya vyote vilipopoa, akatia kwenye mtungi uliozungushiwa gunia lililoloweshwa, akauweka kivulini. Jioni tulikunywa, na Mjomba Hamisi, mtoto wa Bibi aliyekaa nasi, ambaye hakuwahi kusifu chochote kilichopikwa na mtu, alirudi na kikombe mara ya tatu.

Ijumaa iliyofuata wanawake wa kisomo cha Kurani walikuja kwa Bibi. Wakainywa, wakaangaliana, wakauliza imetiwa nini. Bibi akamwonyesha Riziki kwa kidole na kusema ni mkono wa mjukuu wangu. Mjukuu wangu, alisema, mbele ya watu wote. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa juisi, na kila Ijumaa malimau. Ijumaa moja niliamka nikiwa nimeingia ukubwani. Sikumwambia mtu. Shuleni tulikuwa tumesikia mambo nusunusu, na nyumbani hakuna aliyekuwa amenieleza chochote zaidi ya miiko. Nilijifunga kitambaa, nikatoka, na Bibi akaniita hapohapo niende kuchuma malimau ishirini kwa ajili ya wageni. Mjomba Hamisi alikuwa amekaa palepale karibu na mti, anatia chumvi samaki wake wa kuuza, migebuka, kwenye nusu ya pipa. Ningesema nini mbele ya mwanamume? Nilichuma ishirini. Nilihesabu kila moja, na kila moja nililoligusa nilisema moyoni, basi nimeua.

Wiki chache baadaye majani yakaanza kuungua kwenye ncha, kahawia, kama yamepitishwa juu ya moto. Kisha yakaanza kudondoka. Maua yakapukutika. Bibi alikuwa anasimama chini ya mti kila asubuhi akiwa ameshika kiuno.

Siku hizohizo lilipita tangazo mtaani kwamba wakimbizi wote wanaokaa majumbani wapelekwe kambini, malori yatawasubiri kwenye uwanja wa shule, na mwenye kuficha mtu ataulizwa. Majirani waliokuwa na wageni wakaanza kunong'ona. Kwetu niliona tu Bibi ameacha kumtuma Riziki kisimani.

Kisha asubuhi moja, Mjomba akiwepo na mimi nikiwepo, Bibi alimwita Riziki uani na kumuuliza kama amechuma malimau akiwa katika siku zake. Hakupandisha sauti. Riziki aliweka chini ufagio.

"Tate, mi sikuchumaka," alisema. Tate ndilo neno la kwao la kumwita bibi. "Huo mwiko hata kwetu uko. Zile siku nilikuwaka namutuma Tatu."

Tatu ni mimi. Alinigeukia, hakunilaumu, alinitazama tu kama mtu anayengoja mwenzake aseme ndiyo. Ilikuwa kweli. Kila mara alikuwa ananituma mimi. Nikageuza macho nikawatazama samaki wa Mjomba. Walikuwa wamepangwa vizuri sana siku ile, vichwa upande mmoja.

"Basi mti umejikausha wenyewe," Bibi akasema, na hapo ikawa imekwisha: Riziki aende kambini.

Riziki hakulia kwa ajili ya aibu. Alilia kwa jambo moja tu, na alilisema kwa kila namna: mama alimwambia asitoke hapa, akija atamtafuta wapi? Alishika pindo la kanga ya Bibi. Alisema atalala nje, jikoni, popote, lakini asitoke hapa. Bibi alimjibu kwamba kambini kuna watu wanaoandika majina, mama yake atamkuta. Kesho yake asubuhi Mjomba alimsindikiza uwanjani akiwa na kifurushi chake, na lori likaondoka.

Mama yake alikuja baada ya wiki tatu.

Ilikuwa saa sita mchana, mvua za kwanza zimeanza. Mwanamke mwembamba, miguu imevimba, ametembea tangu Kibirizi ambako boti ilimshusha. Alipiga hodi, na kabla hajakaribishwa alikuwa ameshachungulia uani. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliita tu jina la binti yake, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyetoka sokoni.

Bibi alimkalisha. Akamwambia kwamba Riziki alikuwa mzima, anakula vizuri, ila aliamua kwenda kambini kwa wenzake. Aliamua. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikalisikia neno hilo.

"Nilimuambia asitoke," mama yake alisema. Alilisema kwa kumkasirikia mwanawe, na hilo ndilo nisilolisahau. Kisha akauliza, "Kambi gani?"

Bibi akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama chini. Kambi zilikuwa zaidi ya moja, malori yalikwenda njia tofauti kila siku, na hakuna mtu katika nyumba ile, si Bibi aliyemfukuza, si Mjomba aliyemsindikiza mpaka kwenye lori, si mimi, aliyekuwa ameuliza lile lori linakwenda wapi.

Aliondoka bila kumaliza maji aliyopewa. Nilimkimbilia, nikamkuta amefika barabara ya kwenda Mwandiga, nikamshika mkono. Nilimwambia kwamba Riziki hakutoka, alitolewa. Nikamwambia ni mimi niliyegusa mti. Nililia mpaka nikashindwa kupumua.

"Muti gani?" aliniuliza.

Nikajaribu kumweleza. Alinisikiliza kidogo, halafu akautoa mkono wangu kwenye wake taratibu, akaenda. Hakuwa na muda wa mti.

Nilirudi nyumbani nikiwa sijali tena. Nilimwambia Bibi yote, ile Ijumaa, kitambaa, malimau ishirini. Nilimwambia kwa kelele, na kumpigia kelele Bibi Mwajuma lilikuwa jambo ambalo hata mama yangu hakuwahi kulifanya. Nilingoja kofi. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua.

"Mti ule umeuawa na chumvi," alisema. "Mjomba wako anamwaga maji ya samaki pale shinani tangu kiangazi. Niliona mapema."

Nilimuuliza kama aliona, kwa nini basi?

"Nilikuwa naogopa lile tangazo," alisema. "Mgeni wa watu, ameletwa mikononi mwangu na mama yake. Ningemwambiaje aondoke kwa kuwa naogopa? Ilibidi awe na kosa."

Kisha akaendelea na mchele. Nadhani alikuwa analia, sina hakika, sikukaa kumtazama. Nilikwenda nyuma ya jiko, penye mlimau. Pale shinani, ambapo mvua ilikuwa haijafika vizuri kwa sababu ya ukingo wa bati, udongo ulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ya Uvinza ambao mtu yeyote mwenye macho angeuona. Mimi nilikuwa nimepita hapo kila siku.

Sijui kama walionana. Niliuliza kwa miaka, kwa kila mtu aliyetoka kambini kuja kuuza kitu sokoni, na nikajibiwa kwamba akina Riziki ni wengi. Bibi alipofariki, msiba ulijaa mpaka barabarani, na mtu alisimama kumsifu kwamba miaka ile ya shida alifungua mlango wake kwa wakimbizi. Ni kweli alifungua. Miezi mitano alimlisha msichana yule na kumwita mjukuu. Nilikaa kwenye jamvi nikiwa na hasira naye, na nilikuwa nampenda, na vyote viwili bado ninavyo.

Watu wakinisikia nikisimulia haya huwa wanatikisa kichwa na kusema, mambo ya kizamani hayo, ujinga wa zamani. Hunichukiza. Bibi yangu hakuwa mjinga. Alijua kilichoua mti kuliko sisi wote, akauchukua mwiko kama mtu anavyochukua kanga ya jirani kujifunika uso. Na mimi je? Miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto, niliamini, niliogopa nilichoufanyia mti. Lakini nakumbuka vizuri kabisa asubuhi ile uani, Riziki aliponigeukia. Mti haukuwa akilini mwangu. Nilikuwa nafikiri kwamba nikisema ni mimi, nitakayepandishwa lori ni mimi, na nikawatazama wale samaki mpaka akamaliza kunitazama.